Uliza Fundi: Usishushe giaboksi kabla hujafunua mpira

Barua za safari hii zote ni za Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza, gari dogo la viti viwili lenye paa la turubai, ile yenye taa za kuinuka iliyotoka mwaka 1989. Nimeitengeneza miaka mingi na bado naipenda.

Fundi, habari za kazi? MX-5 yangu ni ya 1992. Injini ikishapata moto, gia namba moja na rivasi zinagoma, na nikilazimisha zinakwaruza. Nimeambiwa sahani ya klachi imeisha, giaboksi ishushwe. Nikubali?

Usikubali bado, ndugu yangu. Sahani iliyoisha ina dalili zake: unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari haliongezi mwendo. Yako inashika vizuri, ila haiachii. Zima injini, ingiza gia zote. Zikiingia laini, halafu ukiwasha zikagoma, acha giaboksi, fuata njia ya oili.

Klachi ya gari hili haivutwi kwa kebo. Mguu wako unasukuma oili ya breki kutoka silinda ya juu, iliyo mbele ya pedali upande wa injini, mpaka silinda ya chini iliyofungwa ubavuni mwa giaboksi, upande wa kulia. Hii ya chini ndiyo inayosumbua zaidi. Imekaa chini, inapata joto na uchafu wa barabarani, na mipira yake ya ndani inachoka.

Anza na kikopo cha oili ya klachi chini ya boneti. Imepungua? Imekuwa nyeusi? Kisha ingia chini ya gari likiwa limekaa juu ya stendi, kamwe si jeki peke yake, ufunue mpira wa vumbi wa silinda ya chini. Ukikuta unyevu ndani, mwizi umemkamata. Ukikuta pakavu, rudi ndani ya gari upapase ukutani nyuma ya pedali ya klachi, maana silinda ya juu huvujia hapo. Na kama kote ni pakavu, lakini pedali inazama polepole ukiwa umeikanyaga tu, silinda ya juu inarudisha oili ndani kwa ndani.

Mimi hubadilisha silinda zote mbili pamoja na mpira unaopeleka oili. Ukiweka moja mpya, nyingine iliyozeeka mara nyingi haikawii kuvuja. Tumia oili ya DOT 3 au DOT 4. Wakati wa kutoa hewa, mmoja akanyage na kushikilia, mwenzake afungue nipo, yaani kiskrubu cha kutolea hewa kwenye silinda ya chini, na kuifunga kabla mguu haujaondolewa, na kikopo kisiachwe kikauke. Oili hiyo inakula rangi. Ikidondokea bodi, mwagia maji papo hapo. Inaniuma sana kuona giaboksi limeshushwa kwa ubovu ambao ungeonekana kwa tochi.

Mvua ikinyesha, kapeti nyuma ya viti linalowa. Nimebadilisha turubai, bado.

Pole kwa gharama. Turubai huenda halikuwa na kosa. Maji yanayoteremka juu yake hukusanyika nyuma ya viti, kisha hutoka kwa mirija miwili, mmoja kila upande, inayotokea chini ya gari mbele ya tairi za nyuma. Majani na vumbi vikiiziba, maji yanafurika ndani. Hatari kubwa hata si kapeti: maji hubaki ndani ya kizingiti cha mlango na kukila kwa kutu kuanzia ndani, na rangi ikianza kuvimba kwa nje, bati limeshaoza. Pitisha kitu chembamba kinachopinda, kama uzi mnene wa plastiki. Usitumie waya mgumu, utatoboa mrija. Mimina maji kidogo kidogo huku mtu akichungulia chini. Fanya hivyo pande zote mbili.

Nataka kununua ya 1990. Injini inatetemeka, muuzaji anasema ni plagi tu.

Inaweza kuwa plagi, au waya zake. Ila kwa mwaka huo kuna jambo la kuangalia kwanza. Injini za lita 1.6 za kuanzia 1989 mpaka mapema 1991 zina pua fupi mbele ya krenkshafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Bolti ya puli ikilegea, kipande kidogo cha chuma kinachoshika gia ya mkanda wa taiming (mkanda unaopanga mwendo wa vali na pistoni) hula mfereji wake, taiming inayumba na nguvu zinapotea. Tazama puli ya chini: ikiwa na matundu manne ni pua fupi, manane ni pua ndefu. Kisha muuzaji awashe injini, wewe simama mbele ukitazama ukingo wa puli. Ikicheza kushoto na kulia, hesabu krenkshafti kwenye bei, au liache gari hapo hapo.