Jibu: Taa za ubavuni kwenye lori la tenki la petroli
Ndugu, umeuliza kama fundi anaweza kusokota waya wa taa mpya kwenye waya wa taa za nyuma na kufunga tepu. Kwenye tenki la petroli, tafadhali usikubali. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka na kutuama kwenye chesisi (fremu ya chini ya lori), hapo hapo zinapopita nyaya. Tepu ikilegea kwa joto na mtikisiko, cheche moja inatosha. Vuta laini mpya ya umeme kuanzia baada ya swichi kuu ya betri, fyuzi iwe mwanzoni, waya upite ndani ya bomba la kuulinda, viungo vikae kwenye boksi lisilopitisha maji. Na drili ya kufungia taa isiguswe kabla tenki halijasafishwa na kupimwa gesi, hata kama limeshashusha mafuta, maana bado limejaa mvuke.