Troli na upanga

Mdogo wangu, umeuliza shujaa wa hadithi yako amuueje troli, lile zimwi kubwa la ngano, kwa upanga tu. Hamuui, anampunguza kasi. Troli wa mchezo wa mezani wa Dungeons & Dragons ni kama mgomba wa kwetu Tukuyu: ukate jioni, asubuhi kiini kimeshasukuma juu katikati ya kisiki. Jeraha hujifunga lenyewe, isipokuwa likichomwa kwa moto au tindikali. Kwa hiyo shujaa amkate kano za kisigino kwanza, apige goti, halafu mwenzake asokomeze kijinga cha moto palepale nyama inapoanza kuungana. Wale wa ngano za Norway ndio nafuu: ukimchelewesha mpaka jua lichomoze, anageuka jiwe. Ila hilo panga la kukatia majani ya ng'ombe ulilompa shujaa, badilisha. Litapinda kwenye mfupa.