Korosho yetu na pengo la dunia

SWALI: Mhariri, nasikia wanasosholojia hawakubaliani kuhusu chanzo cha pengo kati ya nchi tajiri na maskini. Sisi huku Newala tunauza korosho ghafi mnadani, nazo hubanguliwa India na Vietnam. Je, tumechelewa wenyewe au tunacheleweshwa?
Msomaji, Newala

JIBU: Ndugu msomaji, wafuasi wa nadharia ya usasa, ambayo mchumi Walt Rostow aliipangia hatua tano mwaka 1960, wangekujibu kwamba mmechelewa: jamii zote hupita njia moja, na iliyo nyuma inahitaji mtaji, mashine na fikra mpya. Mikoa ya Lindi na Mtwara iliyapata hayo hata kabla Rostow hajaandika, kwani mradi wa karanga wa Waingereza ulileta matrekta Nachingwea, pamoja na reli na bandari ya Mtwara. Mradi ulikufa mwaka 1951, na baada ya uhuru reli nayo ikang'olewa. Tusisahau kwamba shabaha yake ilikuwa uhaba wa mafuta ya kula huko Uingereza.

Nadharia ya utegemezi ya akina Andre Gunder Frank, mchumi, ambayo mwanahistoria Walter Rodney aliitetea alipokuwa akifundisha Dar es Salaam, inasema mnacheleweshwa, kwa sababu mliunganishwa na soko la dunia ili mtoe mali ghafi na kununua bidhaa zilizokamilika. Hoja hiyo ina nguvu, ila inakwama kwa Vietnam, nchi iliyotoka vitani mwaka 1975 na ambayo leo inaongoza kwa kuuza korosho iliyobanguliwa, ilhali viwanda vingi vya kubangua tulivyojengewa kwa mikopo miaka ya 1970 vilisimama.

Ndiyo maana mimi naegemea kwa mwanasosholojia Immanuel Wallerstein, aliyeigawa dunia mwaka 1974 katika kitovu (nchi tajiri), nusu pembezoni (zilizo katikati) na pembezoni (nchi maskini zinazotoa mali ghafi): nchi moja moja yaweza kupanda, lakini daraja la chini halibaki tupu, na Vietnam yenyewe sasa hununua korosho ghafi ya Afrika. Hata hivyo, Wallerstein hutazama kutoka juu mno. Haioni kangomba, ambapo mkulima aliyebanwa na ada ya shule humuuzia mlanguzi korosho kwa kipimo kisicho rasmi kabla mnada haujafunguliwa, na anayenufaika mara nyingi ni mwanakijiji mwenzake mwenye fedha taslimu.