Maswali na Majibu: Kujitolea Katika Huduma ya Kanisa Mjini Unguja

SWALI: Mama mshauri, shikamoo, na Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni binti wa miaka 21, mzaliwa wa Kikwajuni, ninayesoma ualimu mwaka wa pili katika chuo kikuu kimoja cha Bara. Katika likizo ndefu, kuanzia Julai hadi Septemba, nimekubaliwa kujitolea katika kikundi cha Kikristo kinachowahudumia watoto wa mitaa ya Ng'ambo kwa twisheni ya jioni na chakula cha mchana siku ya Jumamosi, na pia kuwatembelea wagonjwa. Nimefurahi sana, lakini majirani zetu Waislamu, ambao ndio walionilea, wameanza kusema kwamba ninakwenda kuwabatiza watoto wa watu. Mama yangu anakumbuka mauaji ya Padri Evaristus Mushi, padri Mkatoliki aliyepigwa risasi hapa Unguja Februari 2013, na anataka nisimwambie mtu yeyote ninachokifanya. Tena kiongozi wa kikundi amenipa fomu ya kujaza kila wiki, yenye nafasi ya idadi ya watoto waliompokea Yesu na nafasi ya picha zao kwa ajili ya wafadhili wa nje. Nifanye nini?
Binti wa Kikwajuni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Asifiwe sana.

Nianze na hofu ya mama yako, kwa sababu ni hofu ya haki, lakini njia anayoitaka ndiyo itakayokuweka pabaya. Katika mji wetu, ambako dirisha la huyu linatazama ua wa yule, kazi ya siri haimalizi wiki, na ikishajulikana hata wema uliomo ndani yake huonekana hila. Usalama wako uko katika kujulikana. Kabla hujaanza kufundisha, mwombe kiongozi wenu mwende pamoja kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa huo, mumweleze wewe ni nani, umetoka kanisa gani, mtafundisha nini, siku zipi na saa ngapi, na utaondoka lini.

Baada ya hapo nenda kwa wazazi, nyumba kwa nyumba, na usiende na karatasi mkononi. Piga hodi, na ukikaribishwa barazani ukae, uwaamkie wakubwa mmoja mmoja, uulize hali za nyumbani na za wagonjwa, unywe chai ukipewa, na usitaje habari ya watoto mpaka mwenye nyumba mwenyewe akuulize kilichokuleta. Hapo mwambie waziwazi: "Bibi, mimi ni Mkristo, natoka kanisani. Nitamsomesha mjukuu wako hesabu na Kiingereza, na dini yake sitaigusa." Ukishalisema neno hilo umejifunga nalo mpaka siku ya mwisho, hata siku ambayo kiongozi hayupo na watoto wenyewe wanakuomba uwafundishe wimbo wa kanisani. Watoto wa Kikristo wana shule yao ya Jumapili, na huko unaweza kuimba nao upendavyo.

Waulize wazazi pia watoto wanakwenda chuoni saa ngapi. Unajua kwamba wengi wao wakitoka skuli huenda kusoma Qur'ani. Twisheni ikipangwa katika saa hizo hizo, mzazi ataona mmemlazimisha mwanawe kuchagua baina ya hesabu na dini yake, na hakuna maelezo yatakayomtoa katika dhana hiyo. Isogezeni saa yenu. Chakula cha Jumamosi nacho, badala ya kukipika kanisani, kinunueni kwa mama mpishi wa mtaa huo huo, Mwislamu, ambaye wazazi wanamjua na wanaujua mkono uliochinja kuku wake. Yeye atapata riziki, na mzazi hatakuwa na shaka na sahani ya mwanawe.

Naomba usiwakasirikie majirani, kwa kuwa shaka yao haikuzuka jana. Soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, wakati wa Sultani Barghash, Waanglikana wa misheni ya UMCA walijenga kanisa lao kuu pale pale Mkunazini, na huko Mbweni, katika shamba walilolinunua mwaka 1871, waliwapa watu waliookolewa kutoka katika majahazi ya watumwa makazi, skuli na dini, vyote kwa pamoja. Ilikuwa rehema kubwa kwa watu waliotengwa na ndugu zao, nami kama Mkristo wa kisiwa hiki naishukuru. Lakini pia iliacha fikra kwamba anayekula chakula cha misheni ataishia misheni. Watoto utakaowasomesha wana mama, baba na bibi wanaowangoja nyumbani, na hao ndio wenye neno juu ya malezi yao. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa lile, alifika Unguja mwaka 1864, na kabla ya kujenga alikaa na wenyeji, akajifunza lugha yao, akaziandika hadithi walizomsimulia. Wewe lugha unayo tangu kuzaliwa, kwa hiyo muda wako mwingi uutumie kusikiliza.

Sasa fomu. Nafasi ya hesabu ya waliompokea Yesu usiijaze, na umweleze kiongozi wako sababu mapema, kwa adabu na faraghani, kabla wiki ya kwanza haijaisha. Mtoto wa miaka tisa aliyeshiba wali wako atakubali lolote utakalomuuliza, na kukubali huko si imani. Soma tena sura ya 25 ya Injili ya Mathayo: Bwana anataja waliolishwa, waliovikwa na waliotembelewa, wala haulizi ni wangapi waliobadili dini. Katika nafasi hiyo andika mlichofundisha na mtoto gani amepiga hatua gani. Mfadhili mwenye nia njema ataridhika, na asiyeridhika ni bora mkamkosa.

Picha zisipigwe bila ruhusa ya mzazi aliyeelezwa zinapelekwa wapi na nani atakayeziona, na hata akiruhusu, asipigwe mtoto akiwa amenyoosha sahani. Zanzibar ina Sheria yake ya Mtoto, Namba 6 ya mwaka 2011. Mwombe kiongozi aisome pamoja nanyi nyote mnaojitolea. Tena usikae peke yako na mtoto ndani ya chumba kilichofungwa, hata kwa dakika chache.

Kwa wagonjwa nenda na mtu mzima aliyezoea kazi hiyo, umwone muuguzi kwanza, na uombe kwa sauti pale tu mgonjwa mwenyewe anapokuomba.

Jambo la mwisho hukuniuliza. Miezi mitatu ni michache, na mtoto aliyekuzoea atakuja mlangoni Oktoba kukuulizia. Waambie watoto tangu siku ya kwanza kwamba utaondoka Septemba, usianzishe jambo ambalo hakuna wa kuliendeleza, na uweke daftari lenye jina la kila mtoto, nyumba yao, saa yake ya chuo na mahali alipofikia katika hesabu. Wiki mbili kabla ya kuondoka mkabidhi daftari hilo mwalimu anayebaki, kisha mzunguke naye barazani kwa wazazi wale wale, ili wamjue kama walivyokujua wewe.