Swali la Lugha: Fikisha Mstari, Usiurefushe

Msomaji wetu wa Morogoro anauliza: “Nimeanza kujifunza kuchora ramani za nyumba kwa AutoCAD. Darasani mwalimu anasema ‘piga laini’, ‘itrimu’, ‘iekstendi mpaka kwenye ukuta’, ‘ihamishie leya nyingine’. Nikienda saiti na mjomba wangu, ambaye ni mwashi, nikizungumza hivyo ananitazama tu. Je, mambo haya yana Kiswahili? Na nikiulizwa ninasomea nini, niseme kuchora, kusanifu au kubuni? Nilimwambia mama nasomea kadi, akaniuliza harusi ya nani.”

Mama hakukosea. Wewe ulimaanisha CAD, yaani kuchora kwa msaada wa kompyuta, lakini kadi kwetu ni ya harusi, ya mchango, ya kliniki au ya benki, na anayesikia “nasomea kadi” hawezi kufikiria kuta na madirisha. AutoCAD ni jina la bidhaa, programu ya kompyuta ya kuchorea, iliyoingia sokoni Desemba 1982; litaje lilivyo ukiwa na wanaoijua. Kwa mama sema unasomea kuchora ramani za nyumba kwa kompyuta. Atakuelewa papo hapo, na pengine ataanza kukudai ramani ya vyumba vitatu bila malipo.

Wako watakaokukosoa kwamba ramani ni ya nchi, na ya nyumba sharti iitwe mchoro. Usiwasikilize sana. Ramani ni neno la mabaharia: Waajemi walisema rahnama, yaani kionyesha njia, Waarabu wakalifanya rahmani, kitabu cha nahodha cha kuongozea chombo, nalo likatufikia kwa njia hiyohiyo ya bahari. Mwashi anayeikunjua karatasi juu ya rundo la matofali kutafuta mlango wa jiko unakaa wapi, naye anatafuta njia. Mchoro ni neno pana zaidi: kuna mchoro wa umeme, mchoro wa bawaba, hata mchoro wa mtoto aliyepata mkaa na ukuta mweupe.

Sasa vile vitenzi vitatu. Kuchora ni kazi ya mkono, na maana yake ya zamani ni kutia alama kwa kitu chenye ncha. Wachongaji wa milango ya Unguja na Lamu walichora mbao kwa patasi. Maana hiyo haikufa hata ofisini. Kabla ya kompyuta, mchoraji aliyekosea wino kwenye karatasi angavu aliukwangua kwa wembe, taratibu, asije akaitoboa. Wewe siku hizi unabonyeza tu, kosa likatoweka.

Kusanifu kumetoka Kiarabu, sannafa, kupanga vitu kwa aina zake na kutunga vitabu. Watu hulichanganya na sanaa kwa sababu ya sauti, lakini hayo ni maneno mawili yasiyo ndugu. Ndani ya kusanifu mna mpango na kanuni, ndiyo maana tuna Kiswahili sanifu, na katika utumishi wa umma Tanzania tuna fundi sanifu, anayekaa kati ya fundi mchundo na mhandisi. Kubuni ni kutoa kichwani jambo ambalo halikuwapo. Ni sifa nzuri, ila ina kivuli: hadithi ya kubuni haikutokea, na mtu akikuambia “hayo umeyabuni” hakusifu.

Je, anayepanga jengo ni msanifu au mbunifu? Kamusi zimezoea msanifu majengo. Lakini bodi inayowasajili Tanzania inaitwa Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, kwa hiyo katika barua rasmi huko lazima uandike mbunifu majengo. Mimi binafsi napenda msanifu, kwa kuwa nyumba ina ngazi, mteremko wa paa na njia ya maji machafu, na hayo yanataka mpangilio kabla ya ubunifu. Yote mawili, hata hivyo, si yako kwa sasa. Anayejifunza programu anajifunza kuchora. Programu itakuruhusu uchore choo kisicho na mlango na haitasema neno. Atakayekikataa ni msanifu.

Tuje kwenye amri zenyewe. Kanuni yangu ni moja: usitafute tafsiri ya neno la Kiingereza, tazama amri inaufanya nini mstari, kisha uulize fundi angelisemaje tendo hilo.

Anza na “piga laini”. Nusu yake ni Kiswahili kizuri. Tunapiga mstari, tunapiga pasi, tunapiga chapa, na tangu darasa la kwanza tunaambiwa tupigie mstari jibu sahihi. Shida ni laini. Kwanza ni sifa, kinyume cha ngumu au chenye kukwaruza. Pili ni ile ya simu, tunayoisajili kwa alama za vidole. Mwalimu akisema “piga laini iwe laini” amejifunga mwenyewe. Mstari upo, ni mwepesi, na unakubali kuelezwa: mstari mnene, mwembamba, wa nukta, uliopinda. Kwenye kibodi utaandika herufi L kwa sababu programu ndivyo inavyotaka. Kinywa hakilazimiki kuifuata.

Trimu na ekstendi ndizo zilizonifanya nijibu swali hili kwa furaha. Wanaotafsiri kwa kamusi wangeandika “punguza” na “refusha”. Si makosa, ila fungua programu uone. Umepiga mstari wa ukuta wa sebule ukaishia hewani, hatua mbili kabla ya ukuta wa korido. Unaandika EX, unaugusa, nao unakwenda hadi kwenye ule ukuta na kusimama hapo. Hukuuambia urefuke kwa kiasi gani, uliutaka ufike. Kiswahili kina kitenzi chake tayari, kufikisha: “fikisha ukuta huu kwenye korido.” Mjomba wako ataelewa kabla hujamaliza sentensi. Trimu nayo hukata kipande kilichovuka mstari mwingine, basi ni “kata kilichozidi”. Hilo hata seremala na fundi cherehani wanalisema.

Ofuseti hunakili mstari pembeni ya ule wa kwanza kwa umbali uliotaja, ili ukuta wako upate uso wa nje na wa ndani. Iandike “nakili sambamba” ukiandaa somo. Ukiwa saiti tazama wanavyopanga msingi: kamba ya nje inafungwa kwanza, kisha kamba ya ndani inafuata kwa upana wa tofali. Mwambie mjomba kwamba amri hiyo inafunga kamba ya pili.

Na mira, amri ya kugeuza mchoro kama unavyoonekana kwenye kioo? Fizikia imetupa kuakisi, nalo linatosha. Fundi cherehani anaifanya bila jina: anakunja kitambaa mara mbili na kukata upande mmoja, akifunua gauni lina pande mbili zinazolingana.

Kuna mtego mmoja kwenye kona. Amri ya kukwangua pembe kwa mshazari, watu hutamani kuiita “kata kona”. Mwambie hivyo dereva wa bodaboda uone utakapofikia. Kukata kona ni kugeuka njiani. Sema “ondoa ncha ya kona”, na ile amri inayoifanya mviringo iwe “viringisha kona”. Ndefu kidogo, lakini hakuna atakayegeuka kushoto.

Vipimo navyo vina lugha yake. Fundi husema chumba cha “kumi kwa kumi”, akimaanisha futi, na tofali la inchi sita. Kompyuta yako pengine imepangwa kwa milimita, kwa hiyo kumi kwa kumi kwake ni 3048 kwa 3048, na inchi sita ni 152.4. Shika hiyo “kwa”. Usiseme “kumi na kumi”, hiyo ni ishirini. Darasani pia utaambiwa uchore nyumba kwa ukubwa wake halisi na skeli, yaani kuupunguza mchoro uenee kwenye karatasi, ije wakati wa kuchapa. Mwashi hatashangaa, maana yeye hajawahi kujenga kwa skeli ya 1 kwa 100.

Limebaki leya, na hapa mjomba ana haki ya kukutazama, kwani kwa wafugaji leya ni kuku wa mayai. Wengine wamependekeza safu. Silikubali: safu hukaa kwa kupangana, kama safu ya milima au ya askari gwaride. Unachokitaka wewe ni vitu vilivyolaliana, kuta chini, umeme juu yake, mabomba juu zaidi, kila kimoja ukiweza kukifunika au kukifunua. Hilo ni tabaka, wingi matabaka, kama ya udongo na ya hewa. Najua linatumika pia kwa matajiri na maskini. Hakuna atakayechanganya akiwa mbele ya ramani ya choo.

Bahati nzuri, majina ya matabaka unayaandika mwenyewe, na programu haijali lugha. Andika MSINGI, UKUTA, MILANGO, UMEME, MAJI, hasa faili likiwa la kwako na la mafundi wako. Ukilituma kwenye ofisi yenye orodha yake, fuata orodha yao. Lile tabaka linaloitwa 0 liache lilivyo. Halikubali kubadilishwa jina.