Umekabidhiwa maabara ya kompyuta? Anza na mfuniko

Anayeiba maabarani mara nyingi habebi kompyuta nzima. Hufungua kasha, lile wengi wetu tunaloliita "CPU", huchomoa RAM (vipande vya kumbukumbu ya muda ya kompyuta) na kurudisha mfuniko. Kibaya zaidi ni kubadilishiwa: ya GB 8 inaondoka, ya GB 4 inawekwa, mashine inawaka kama kawaida ila inakuwa nzito, nawe unahangaika kutafuta virusi.

Kwa hiyo kabla ya kununua kufuli, orodhesha kilichomo. Kwenye Linux, amri ya sudo dmidecode -t memory huonyesha ukubwa, mtengenezaji na namba ya utambulisho (serial) ya kila kipande cha RAM. Kwenye PowerShell, dirisha la kuandikia amri la Windows, tumia Get-CimInstance Win32_PhysicalMemory. Vipande vingine huleta sifuri tupu mahali pa namba. Hivyo vipige picha lebo zake. Bila orodha hii huwezi hata kuthibitisha kwamba umeibiwa.

Makasha mengi ya ofisini, kama Dell OptiPlex, yana pete ya chuma nyuma. Ukipitisha kufuli hapo, mfuniko hauvutiki. Pima tundu la pete kabla ya kwenda dukani, maana kufuli nene halitaingia. Waya wa Kensington, yaani waya wa chuma wenye kufuli ya kufungia kompyuta, huingia kwenye tundu dogo la milimita 3 kwa 7, na hapa ndipo wageni wengi hukosea: wanauzungusha kwenye mguu wa meza, mtu ananyanyua meza na kuuchomoa kwa chini. Toboa meza au funga pete ukutani. Halafu jaribu mwenyewe kufungua mfuniko huku waya umefungwa. Kwenye makasha mengine waya huzuia kasha lisibebwe tu, mfuniko unafunguka vilevile.

Makasha ya kuunganishwa na mafundi hufungwa kwa skrubu za kuzungusha kwa vidole. Zibadilishe kwa skrubu za nyota zenye kijiti katikati, saizi ya 6-32. Ukilazimisha za M3, ambazo ni nyembamba zaidi, hazitashika. Kwa kawaida zinahitajika nne, mbili kila upande. Upande wa kulia husahaulika, na kwenye makasha mengi ya sasa ndiko SSD (diski ya kuhifadhia data) ilikofungwa. Bisibisi yake inauzwa madukani, hivyo skrubu hizi humchelewesha mtu tu. Paka kila kichwa cha skrubu rangi ya kucha yenye vimetameta, ipige picha kwa karibu, kisha ulinganishe kila unapokagua. Mpangilio wa vimetameta ni vigumu mno kuuiga.

Kama ubaomama (motherboard) una swichi ya kugundua mfuniko uliofunguliwa, iwashe ndani ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla Windows au Linux haijawaka. Swichi hiyo hukumbuka hata umeme ukiwa umechomolewa, kwa nguvu ya CR2032, betri ndogo ya duara iliyo kwenye ubaomama. Betri ikiisha, kumbukumbu nayo hupotea. Weka pia nenosiri la msimamizi wa BIOS, la sivyo aliyefungua atafuta onyo na kuondoka. Nalo nenosiri halisimami peke yake: kwenye mashine nyingi hufutwa kwa kuhamisha kijumpa (kipande kidogo kinachounganisha pini mbili za ubaomama) kilichoko ndani ya kasha, ndiyo maana tunasisitiza mfuniko kwanza.

Matundu ya USB ya nyuma hubaki wazi hata ukifunga vyote hivi. Kila asubuhi fuata waya wa kibodi kwa mkono hadi unapochomekwa. Ukikuta kipande kidogo katikati ya waya na kasha, huenda ni kifaa cha kunasa kila kinachoandikwa: zima mashine hiyo na usiruhusu mtu aandike nenosiri lolote.