Maswali yenu kuhusu soka la mwaka 1942

Wiki iliyopita niligusia kwamba mwaka 1942, vita vikiwa vimepamba moto, kabumbu liliendelea kusakatwa. Maswali yakamiminika. Nimeyachukua haya.

Kombe la Dunia la mwaka huo lilichukuliwa na nani? (Msomaji, Tanga)

Halikuchezwa. Ujerumani na Brazil zilitaka kuliandaa, lakini vita vikaanza Septemba 1939 kabla FIFA haijaamua. La 1946 nalo likapita, hivyo Italia, mabingwa wa 1938, wakakaa na ubingwa miaka 12. Kombe lenyewe lilikuwa Roma. Ottorino Barassi, kiongozi wa soka la Italia, alilitoa benki kimyakimya akalificha ndani ya boksi la viatu chini ya kitanda chake.

Kwa hiyo timu za taifa zilikaa tu? (Msomaji, Nakuru)

Si Amerika Kusini. Januari na Februari nchi saba zilikutana Montevideo, na Uruguay wakatwaa ubingwa wa bara kwa kuifunga Argentina 1-0. Argentina hao hao walikuwa wameibamiza Ecuador 12-0, José Manuel Moreno peke yake akitupia matano.

Ni kweli wachezaji wa Dynamo Kyiv walipigwa risasi uwanjani kwa kuwafunga Wajerumani? (Msomaji, Mwanza)

Mechi ilikuwepo, ila mwisho wake haukuwa huo. Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na kiwanda kimoja cha mikate kilikuwa kimewaajiri wachezaji kadhaa wa zamani wa Dynamo na Lokomotyv. Wakaunda timu, FC Start. Tarehe 6 Agosti waliwachapa Flakelf, timu ya askari wa mizinga ya kutungulia ndege, 5-1. Wajerumani wakataka marudiano; tarehe 9 wakalala tena, 5-3.

Wasovieti walisimulia baadaye kwamba wachezaji walitishwa wakati wa mapumziko, wakashinda, kisha wakauawa wakiwa bado na jezi. Ukweli ni kwamba baada ya filimbi walirudi makwao, na siku chache baadaye wakacheza tena wakashinda 8-0. Kisha Gestapo, polisi wa siri wa Kijerumani, wakaanza kuwakamata. Mykola Korotkykh alifia mateso. Kipa Trusevych, Kuzmenko na Klymenko waliuawa Februari 1943 katika kambi ya Syrets, miezi sita baada ya mechi. Dynamo ilikuwa klabu ya polisi wa Kisovieti, na hilo peke yake lilitosha kumponza mtu.

Mimi sioni kwa nini hadithi hii ilihitaji kutiwa chumvi. Watu waliokuwa wakibeba magunia ya unga mchana waliwafunga askari walioshiba, mara mbili kwa wiki moja.

Palmeiras walibadili jina kwa sababu ya vita? (Msomaji, Muscat)

Ndiyo. Klabu ilianzishwa na wahamiaji wa Kiitaliano São Paulo mwaka 1914, ikiitwa Palestra Italia. Brazil ilipotangaza vita dhidi ya Ujerumani na Italia Agosti 1942, jina likawa mzigo. Hata walipoondoa neno Italia, haikutosha. Tarehe 20 Septemba waliingia uwanjani kama Palmeiras, wakiwa wameshika bendera ya Brazil, kucheza na klabu ya São Paulo. Wakiongoza 3-1 wakapewa penalti; São Paulo wakagoma kuendelea, na Palmeiras wakawa mabingwa wa jimbo. Cruzeiro, klabu nyingine ya Brazil, nao walikuwa Palestra kabla ya mwaka huo.

Na Uingereza? (Msomaji, Mombasa)

Ligi ya kawaida ilisimama, wakacheza za kanda. Mchezaji aliyekuwa jeshini aliruhusiwa kuichezea timu iliyo karibu na kambi yake, kwa hiyo Aldershot, klabu ndogo katika mji wa wanajeshi, ikajikuta na mastaa wa timu ya taifa. Kombe la Vita lilikwenda kwa Wolves, walioifunga Sunderland. (Wana Simba wa zamani, poleni: klabu yenu iliwahi kuitwa Sunderland.)

Ujerumani waliacha lini kucheza? (Msomaji, Bujumbura)

Siku ile ile ya Palmeiras, 20 Septemba, walifungwa 3-2 na Sweden mjini Berlin. Afisa mmoja wa serikali alilalamika kwamba watu 100,000 waliondoka wamenuna, maana ushindi wa mpira ulikuwa karibu na mioyo yao kuliko kutekwa kwa mji fulani wa mashariki. Wakacheza mechi chache zaidi, ya mwisho tarehe 22 Novemba, wakiifunga Slovakia 5-2 huko Bratislava. Ujerumani Magharibi walirudi uwanjani 22 Novemba 1950, dhidi ya Uswisi, wakashinda 1-0.